Ritifaa Iliyopinda na Hisabu ya Baiti katika Lahajedwali



Aghalabu karani wa mwalo, hapa Kirumba kama kule Nansio, atakapo kujua iwapo tangazo lake litaenea katika ujumbe mmoja wa simu, huliandika katika seli ya lahajedwali, akaweka fomula ya LEN kando yake, akaona 150, na maadamu amekwisha kusikia kwamba ujumbe mmoja huchukua herufi 160, moyo wake hutulia. Kumbe hisabu aliyoipata ni ya herufi, ilhali ujumbe wa simu umetengewa baiti 140, wala haziongezeki.

Herufi 160 huingia katika baiti 140 kwa sababu alfabeti ya asili ya simu huipa kila herufi biti 7 badala ya 8. Ritifaa iliyonyooka imo katika alfabeti hiyo, basi Nyang'hwale na majina yetu mengine ya Kisukuma hupita salama. Walakini programu ya kuandikia barua huipinda ritifaa pasipo kumwomba mwandishi idhini, na hiyo iliyopinda haimo. Karani akiinakili barua ile na kuituma, ujumbe mzima, wala si neno lile peke yake, huandikwa kwa baiti 2 kila herufi, isipokuwa mtambo wa kutuma ujumbe uwe umeisawazisha ritifaa hiyo kwanza. Nafasi huwa 70, na ujumbe ukikatwa vipande huwa 67 kwa kila kipande, hata tangazo la herufi 150, la kuwaarifu wavuvi wa dagaa kwamba mbalamwezi imekwisha na taa ziwashwe, likahesabiwa jumbe 3. Hiyo ndiyo gharama ya alama moja isiyoonekana ila kwa jicho kali.

Mtu atauliza, si ipo LENB? Ipo, lakini katika Excel huhesabu baiti 2 pale tu lugha ya msingi ya kompyuta ni kama Kichina au Kijapani. Kwetu hurudisha jibu lile lile la LEN, na mimi sioni haja ya kuiita kipimo.

Mafaili na hazina nyingi za data hutumia UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ambamo herufi ya kawaida ya Kilatini ni baiti 1, herufi ya Kiarabu 2 (laiti tungalibaki na hati ya wazee wa pwani, kila karani angalilijua jambo hili tangu zamani), na ritifaa iliyopinda 3. Nyang’hwale, basi, ni alama 11 na baiti 13, na rejista iliyompa mtu baiti 12 italikata jina au italikataa. Kipimo chake, jina likiwa katika A2, ni hiki:

=LEN(A2)+2*(LEN(A2)-LEN(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(8217),"")))

Fomula hii huitambua ritifaa hiyo pekee. Kiarabu chataka kupimwa herufi moja moja kwa UNICODE. Wako watakaosema ni heri kuzinyoosha ritifaa zote kwa SUBSTITUTE, tukapumzika. Nami naafiki, ila baada ya kupima, kwani jina lililoandikwa kwa ritifaa mbili tofauti huwa watu wawili machoni pa lahajedwali, na mvuvi huyo mmoja huenda amekwisha kuandikwa mara mbili katika orodha ya leseni. Toeni LEN katika kipimo hiki: palipo 0 pameepukana na alama hiyo, na palipo 2 au zaidi ndipo pa kuanzia kuwatafuta mapacha hao.