Sikukuu ya Majirani Zetu

Kanisa la Wabaptisti la mjini limetualika kwenye sikukuu yake ya ukumbusho, na mzee mmoja wa hapa Kisegi ameniuliza, "Pasta, sisi Waanglikana tunatafuta nini huko?"

Mzee wangu, hao wametoka mbali. Wamishenari wao kutoka Marekani walifika Kenya mwaka 1956, lakini kanisa lao la kwanza Uingereza lilianza mwaka 1612, Spitalfields, nje ya kuta za London. Kiongozi wake, Thomas Helwys, aliandika kwamba mfalme ni mwanadamu tu, hana mamlaka juu ya roho za watu. Hata Waislamu na Wayahudi wasilazimishwe dini. Alifungwa gereza la Newgate, na kufikia mwaka 1616 alikuwa amekwisha kufa. Na kanisa la mfalme huyo lilikuwa lipi? Letu. Nilipolisoma jambo hilo chuoni nilifunga kitabu, nikanyamaza.

Jumapili hiyo tutasali mapema, kisha twende. Nitaomba nafasi niseme neno juu ya Helwys. Nawe mzee, tafadhali ukae karibu nami.