Muwa Haungoji

Msikilizaji, kutoka Moa, mkoani Tanga, ukivuka mpaka wa Horohoro na kuishika barabara ya Mombasa, si mwendo mrefu utapita Ramisi, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya. Mji ule ulizaliwa na kiwanda cha sukari kilichofungwa mwaka 1988. Kiwanda kilikufa, watu wakabaki: wakajenga, wakapanda minazi na mihogo, wakazika wazee wao. Mwaka 2007 maelfu ya ekari za ardhi ile zikakodishwa kwa mwekezaji mpya ili afufue sukari, na wakaazi wakajikuta wakiitwa maskwota. Mgogoro ukafika mahakamani. Nasema jina hilo haliwastahili, na ushahidi umo ndani ya muwa wenyewe.

Muwa ukishakatwa haungoji. Baada ya siku moja au mbili sukari yake huanza kupungua, ndiyo maana kinu hujengwa shambani na mkataji hulazwa karibu na kinu. Pangani, katika karne ya 19, wenye mashamba ya miwa waliwaweka watumwa papo hapo, kwa nguvu. Kwenye mkonge wetu wa Tanga, ambao nao majani yake hayalazwi muda mrefu kabla ya kupita kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi, manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka mbali wakakaa makambini. Ramisi ilifuata kanuni ile ile. Shamba ndilo lililoita makazi. Mtu aliyewekwa pale kwa kuwa kazi isingefanyika bila yeye, hageuki mvamizi siku kinu kinapozimika.

Wapo watakaosema kwamba baada ya kiwanda kufungwa walikuja na wengine wasiowahi kushika panga la miwa. Ni kweli hilo hutokea, na dawa yake ni kusikiliza ushahidi wa kaya moja moja, badala ya kuwafuta wote kwa neno moja. Wengine watasema kila mtu akipewa hati, hakutabaki ardhi ya kilimo kikubwa na ajira zake. Lakini mwekezaji, pamoja na ardhi, anahitaji mpaka usiogombaniwa. Shamba lenye kesi halilimiki kwa amani. Hata kwetu Tanzania, sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka anayetwaliwa ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Fidia hiyo itamfikiaje mtu ambaye hata kuwapo kwake hakujaandikwa popote?

Kwa hiyo shamba likikoma kulimwa, liwe la miwa au la mkonge, makazi yapimwe kwanza: nyumba, njia, visima na makaburi. Kinachobaki ndicho aitiwe mwekezaji. Akija atamkuta jirani mwenye hati mkononi, na msimu wa kukata ukifika atakwenda kumbishia hodi jirani huyo huyo, kwa maana muwa wake nao hautangoja.