Uzito wa Kiapo: Kasulu, Kibondo na Maombi ya Ajira za Serikali



Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Waziri Angellah Kairuki alimkabidhi Rais Magufuli taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na idadi hiyo ndiyo iliyobaki midomoni mwa watu. Mimi naomba tuitazame nyingine iliyokuwa ndani ya taarifa ileile: vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watu 3,076. Cheti kimoja, watu wawili.

Wengi humu mnajua jambo hilo lilikoanzia. Enzi za sekondari chache, mtoto alikosa kuchaguliwa, mzazi akampeleka kijiji cha pili arudie darasa la saba kwa jina la mwenzake aliyeacha shule. Mtoto akafaulu kwa akili zake mwenyewe. Tangu hapo jina la kuazima ndilo likafanya mtihani wa kidato cha nne, ndilo likaingia chuo cha ualimu. Siku ya kuomba kazi cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cha shule kinasema vile, na tangazo la Sekretarieti ya Ajira linataka mwenye majina yanayotofautiana alete kiapo. Basi anakwenda steshenari, anachapiwa karatasi isemayo kwamba mwenye jina hili na mwenye jina lile ni mtu mmoja, anatia saini, muhuri unagongwa. Mara nyingi hakuna hata anayemsomea alichoapa.

Simhukumu yule mtoto. Hakuwa na uwezo wa kumkatalia baba yake. Lakini anayeapa ni mtu mzima, anajua kwamba yuko mtu mwingine mwenye jina lile, pengine analima mihogo kijijini kwake, na anamfuta kwa saini.

Sheria yetu ina pengo hapa. Kifungu cha 102 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu ushahidi wa uongo katika shauri la mahakama, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka saba. Kiapo cha kuombea kazi hakimo katika shauri lolote. Anayeapa uongo mbele ya kamishna wa viapo nje ya mahakama anaangukia kosa jepesi zaidi, nalo ni nadra kulisikia likitajwa. Tunachokiona ni kufukuzwa kazi. Mwaka 2017 walioghushi walipewa siku chache waondoke wenyewe. Mwaka 2022 serikali ikaridhia warudishiwe michango yao ya hifadhi ya jamii, na aliyelitangaza hilo ni Profesa Joyce Ndalichako, wakati huo mbunge wa Kasulu Mjini, ambaye kabla ya siasa alikuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani. Kurudisha michango ilikuwa haki, kwa kuwa jasho lilikuwa lao. Ila kiapo chenyewe hakikuulizwa kokote, wala aliyekigonga muhuri hakuulizwa.

Kwa nini nalisemea hili Kasulu na Kibondo zaidi ya kwingine? Kwa sababu huku kiapo kimebeba mzigo mkubwa zaidi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imepokea Wakongo tangu 1996, ya Nduta ilifunguliwa tena 2015 kwa ajili ya Warundi, na kabla ya hapo kulikuwa na Warundi wa 1972 na wa 1993. Kiha, lugha ya Waha wa huku, na Kirundi vinasikilizana. Kwa hiyo Muha aliyezaliwa Makere, na mama yake na bibi yake, anapofuata kitambulisho cha taifa anadhaniwa Mrundi na anaulizwa babu alizikwa wapi, na kijana wa Moshi haulizwi. Kijana huyo wa Makere hana cheti cha kuzaliwa cha baba yake. Kumbukumbu zake ni barua ya mtendaji wa kijiji na kiapo cha mzee anayemjua. Kila kiapo cha uongo kinachopita kwa urahisi kinapunguza thamani ya kiapo cha mzee huyo, na ofisa anayo sababu ya kukitilia shaka. Anayelipa ni mwenzetu aliyesema kweli.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka viapo vifutwe, mashine zituamulie. Mashine itamsoma nani, ikiwa kuzaliwa kwake hakukuandikwa?

Ninachopendekeza ni vitu vya kufanyika mwaka huu. Kamishna wa viapo asome kiapo kwa sauti, kwa Kiha ikibidi, na aandike kwamba amekisoma. Mwenye jina la kuazima apewe muda wa kulisema kabla hajaajiriwa, na Baraza la Mitihani liwe na njia ya kulirekebisha bila kumwangamiza aliyefanya mtihani wala aliyenyang'anywa jina. Baada ya muda huo, kuapa uongo kushitakiwe kama kosa linalojitegemea. Na wanafunzi wetu wa sheria wapelekwe Makere na Kifura kabla ya tangazo lijalo la ajira za walimu, wakae na waombaji bure, wawasomee kila mstari kabla hawajatia saini.