Hema Linapong'olewa: Matibabu ya Kiwewe Chini ya Mlima Elgon

Tarehe 1 Machi 2010 ubavu wa Mlima Elgon uliporomoka na kuifukia Nametsi, wilayani Bududa, mashariki mwa Uganda. Zaidi ya watu 300 walikufa au kutoweka; miili mingi haikupatikana hata leo. Kituo cha afya cha Nametsi nacho kilizikwa, pamoja na watu waliokuwa wamekimbilia humo kujikinga na mvua. Serikali ilifika, jeshi likachimba, Msalaba Mwekundu ukaleta blanketi, na kambi ya mahema ikasimama Bulucheke. Mwaka huohuo mamia ya familia zilihamishiwa Kiryandongo, mbali kabisa na mlima wao. Baadhi walirudi baadaye kwenye mashamba yaleyale ya kahawa na migomba.

Hoja ya mada hii ni moja. Msaada hufika mapema na kuondoka mapema, ilhali maradhi ya kiwewe huchelewa kujitokeza na huja kukaa.

Wiki za kwanza, karibu kila aliyenusurika hukosa usingizi, hulia, hushtuka. Wengi hupona wenyewe wakizungukwa na ndugu. Ndiyo maana daktari hasemi kwamba mtu ana maradhi haya mpaka dalili zidumu zaidi ya mwezi mmoja: tukio kumrudia kana kwamba linatokea upya, ndoto za kutisha, kukwepa kila kinachomkumbusha, mwili kuwa macho usiku kucha. Lakini mwezi ukiisha, magari ya msaada yameshaondoka. Mama anayewatoa watoto nje kila mvua inapopiga bati, au kijana aliyezama katika waragi tangu azike wazazi wake, haonekani kwenye orodha yoyote. Akitafuta nafuu, huanzia kanisani, msikitini au kwa mganga, na kituo cha afya humwona akilalamikia kichwa na tumbo.

Ni haki kusema serikali haikukaa bure. Kwa miongo mingi nchi iliongozwa na sheria ya wagonjwa wa akili ya 1964, iliyojali zaidi kumfungia mgonjwa kuliko kumtibu. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 iliifuta na kuagiza kwamba huduma hii ipatikane hata katika vituo vya afya vya msingi. Butabika, hospitali ya taifa iliyofunguliwa mwaka 1955, si mlango pekee tena. Hospitali za rufaa za Mbale na Jinja zina vitengo vyao vya afya ya akili. Tatizo ni njia ya kutoka Bukalasi, huko mlimani, hadi Mbale. Aliyepoteza shamba hana nauli ya kwenda kuzungumzia ndoto zake mjini.

Huko Kamuli, jirani ya Jinja, mradi wa PRIME ulionyesha katika muongo uliopita kwamba wauguzi na matabibu wa vituo vya kawaida wanaweza kufundishwa kutambua sonona, ulevi, saikosisi na kifafa. Kiwewe hakikuwemo. Kwa wilaya za mlimani, hilo ni pengo kubwa.

Na ushahidi upo hapahapa Uganda. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, watafiti waliwafundisha wakimbizi wenyewe, watu wasio madaktari, kuwa washauri wa Wanyarwanda na Wasomali wenzao. Mgonjwa alisaidiwa kusimulia maisha yake kwa mpangilio, tangu utoto, akipita katikati ya tukio lenyewe bila kuruka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: miezi tisa baadaye, asilimia 70 ya waliopata tiba hiyo hawakuwa tena na maradhi, dhidi ya 37 katika kundi lililofuatiliwa tu. Njia hiyohiyo ilisaidia pia vijana waliowahi kutekwa na waasi kaskazini mwa nchi. Kaskazini ilipewa tiba kwa sababu ya vita. Bugisu, eneo hili la Mlima Elgon, haina vita, ina mvua, nayo inaua.

Inaua na inarudi. Oktoba 2018 maporomoko yalipiga Bukalasi. Mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika ndani ya jiji la Mbale lenyewe. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Wilaya hiyohiyo ya Bulambuli ndiyo yenye Bunambutye, ambako serikali ilianza kuwahamishia manusura mwaka 2019 katika nyumba za kudumu. Nyumba ni jambo jema. Mtu hulala vizuri zaidi chini ya paa salama, lakini paa peke yake halimwondolei aliyoyaona.

Kosa moja lirekebishwe mara moja: kuwagawia wafiwa vidonge vya diazepamu ili walale. Tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za aina hiyo zisitumike kutibu dalili za mwezi wa kwanza.

Halmashauri za Bududa, Bulambuli, Manafwa, Sironko na jiji la Mbale zinaombwa kufanya jambo linalowezekana. Kila kaunti ndogo ya mlimani iteue wahudumu wawili wa timu za afya za kijiji, wanaosema Lumasaba, lugha ya wenyeji, wafundishwe njia ya Nakivale chini ya usimamizi wa kitengo cha Mbale. Orodha ya wanaopewa mahema iandikwe kwa nakala mbili, moja ibaki kituo cha afya, na kila jina litembelewe mwezi wa pili na wa sita. Fedha zake zitengwe kwenye bajeti ya wilaya kabla ya msimu ujao wa mvua.