Hotuba ya Mgeni Rasmi kwa Wafugaji wa Maziwa, Wilaya ya Hai

Jua limeshakuwa kali.

Nimeandaliwa hotuba ndefu na nzuri, lakini mengi yaliyomo risala yenu imeshayasema. Niende kwenye linaloninyima usingizi.

Ng'ombe akikataa majani, mnamuuliza nani? Jirani. Halafu muuza dawa. Halafu kundi la WhatsApp. Juzi nimeonyeshwa kundi moja, mama kaandika: "Ng'ombe wangu hali chakula, msaada jamani." Wakamjibu: minyoo, kala nailoni, mpe magadi. Mzee mmoja, rika langu kabisa, akaandika "Amina."

(Kicheko)

Siwalaumu. Wangejibu nini? Lakini angeandika hivi: jana kakamuliwa lita nne badala ya saba, joto 41, mitoki ya chini ya masikio imevimba, majani tulikata tambarare. Hapo hata daktari aliyeko Moshi mjini anaanza kushuku ndigana kali kabla hajapanda gari. Ng'ombe mzima joto lake ni kama nyuzi 38 na nusu. Na kupe anayeueneza ugonjwa huo hupanda mlimani ndani ya mzigo wa majani, huku sisi tunajisifu kwamba ng'ombe wetu hatoki bandani! Mkichoma sindano za kubahatisha, siku zinakwenda, mnyama anatoa povu puani, na maziwa yenye dawa mmeshayafikisha kituoni.

Kwa hiyo nasema kipimajoto. Kila banda liwe nacho. Kinaingia huko mnakokujua, kinatulia kidogo, kinasomwa, kinaoshwa, namba inaandikwa kwenye daftari. Ndipo mpige simu.

Kina baba mnacheka. Semina mnakuja ninyi. Anayekamua, anayekiona kiwele kimevimba, mmemwacha nyumbani. Mwakani njooni naye.

Na ninyi maafisa ugani, simu ya mfugaji ipokeeni. Kazi yenu ni kubwa mno, wilaya inajivunia, nawapongeza kwa dhati. Suala la pikipiki na mafuta nimelipokea, tutalitazama kadiri bajeti itakavyoruhusu. Vipimajoto navyo, ofisi yangu kwa kushirikiana na wadau itaona namna.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba maonyesho yamefunguliwa rasmi. Tuanzie banda la mtindi, nimelitamani tangu naingia.