Mtoto Amelala, Mama Anasali



Katika jumba la sanaa la National Gallery, London, kuna picha ya Giovanni Bellini wa Venice, iliyochorwa takriban mwaka 1500. Bikira Maria ameketi chini, nyuma yake ng'ombe wako malishoni. Mtoto Yesu amelala mapajani mwake. Mama ameunganisha mikono, anasali.

Tukiitazama tena, tunaona kwamba alivyolala ndivyo atakavyolazwa hapo hapo akishushwa msalabani. Noeli na Ijumaa Kuu zimekutana katika paja moja.

Nasi wanakwaya, miaka hii 25, tumeimba penye hori na penye makaburi ya wenzetu, mara nyingine sauti zikikatika. Maria anajua uchungu unakuja, lakini hakuacha kusali. Nasi tusiache kuimba.