Tenda ya Mafuta na Mfano Wake Mdogo

Hotuba kwa vijana wapendao ufundi



Wazee walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya chombo kimoja cha reli ambacho wengi wakikiona hudhani ni behewa la mafuta kama mabehewa mengine, kumbe sivyo. Tena nitaeleza jinsi mtu awezavyo kuunda mfano wake mdogo juu ya meza yake. Neno langu kubwa ni moja tu: asiyejua kazi ya chombo hawezi kuunda mfano wa kweli wa chombo hicho.

Tenda ni nini? Wale waliopata kuona injini za zamani za mvuke wanalikumbuka lile gari fupi lililofungwa nyuma ya injini, likibeba maji pamoja na makaa au kuni. Hiyo ndiyo tenda. Injini kubwa za Garratt za aina ya 59, zilizoanza kufanya kazi Afrika ya Mashariki mwaka 1955, hazikuwa na gari hilo. Zilibeba maji na mafuta yake zenyewe, mbele na nyuma, na mojawapo imehifadhiwa katika makumbusho ya reli mjini Nairobi. Injini ya dizeli nayo haina haja ya maji mengi ya kuchemsha. Tangi lake la mafuta limetundikwa chini ya sakafu, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Basi, kwa nini injini ya dizeli ifungiwe tenda?

Jibu tutalipata Marekani, ambako njia za reli ni ndefu mno. Kwanza, katika miaka ya 1950, kampuni ya Union Pacific ilikuwa na injini za tabo zilizochoma mafuta mazito na ya bei nafuu. Injini hizo zilikuwa na uchu mkubwa wa mafuta, na kampuni ilizifungia tenda za injini za mvuke zilizokwisha kuacha kazi, kila moja ikichukua galoni 24,000 hivi. Mafuta yale yalikuwa mazito hata ikalazimu kuyapasha moto ili yatiririke. Injini hizo zilikoma kazi kufikia mwaka 1970.

Baadaye ikaja zamu ya dizeli yenyewe. Kampuni ya Burlington Northern, iliyoundwa mwaka 1970 kwa kuunganisha reli kadha, ilikuwa ikivuta treni ndefu za makaa ya mawe kutoka bonde la Powder River. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda sana tangu mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Wala haikuwa sawa kila mahali. Katika miaka ya 1980 kampuni ile ilichukua mabehewa ya matangi, ikayageuza yawe tenda, ikayaweka katikati ya injini zake. Hivyo iliweza kununua mafuta mahali penye bei nafuu na kuyatumia mahali penye bei kali, na treni haikusimama mara nyingi kujaza.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu ndiyo mwalimu wa fundi. Injini ya aina ya SD40-2 ina nguvu za farasi 3,000. Ikivuta kwa nguvu zote hutumia zaidi ya galoni 160 kwa saa moja, na nyingi kati ya injini hizo zilikuwa na tangi la galoni 4,000 hivi. (Galoni ya Kimarekani ni ndogo kuliko ya Kiingereza, ni lita 3.8 tu.) Injini tatu pamoja zitatumia karibu galoni 500 kwa saa. Basi tenda yenye galoni 20,000 itaziongezea injini hizo tatu yapata saa 40 za kazi ngumu. Mafuta hayo peke yake yana uzito wa tani 64 hivi. Huo si mzigo wa kuuza. Ni chakula cha injini yenyewe.

Sasa tazameni tofauti. Behewa la kawaida la mafuta linaungwa na jirani yake kwa vitu viwili tu: kiungio cha chuma na mpira mmoja wa hewa ya breki. Lakini tenda iko katikati ya injini mbili, na dereva akaaye katika injini ya mbele lazima aitawale na ile ya nyuma. Kwa hiyo tenda hupitisha mambo matatu zaidi. La kwanza ni waya nene ya umeme, ambayo kwa kawaida ya Marekani ina nyuzi 27 ndani yake; ndiyo ipelekayo amri za dereva. La pili ni mipira midogo ya hewa, kulia na kushoto, kwa ajili ya breki za injini. La tatu ni mipira ya mafuta yenyewe.

Fikirini basi mipira hiyo ya mafuta ikikatika treni ikiwa mbioni. Mafuta yatamwagika njiani, karibu na mitambo ya moto, na nyuma ya mgongo wa dereva. Kwa sababu hiyo hapana budi pawe na valvu za kufungia. Mtu aundaye mfano akaziacha valvu kwa kuona ni vitu vidogo, ameacha kitu kilindacho uhai wa watu.

Na sasa tuje mezani. Jambo la kwanza, chagua reli moja na mwaka mmoja, kisha tafuta picha za tenda hiyo hiyo, za pande zote mbili na za ncha zote mbili. Usichanganye picha ya mwaka huu na ya mwaka ule, kwa maana mafundi wa reli hubadili vitu kila gari liingiapo karakana.

Jambo la pili ni kipimo. Kipimo kitumiwacho sana ni cha 1 kwa 87, ambacho reli zake huachana kwa milimita 16.5. Mwenye fedha aweza kununua vipande vya behewa la tangi vilivyo tayari. Asiye nazo asikate tamaa. Watoto wetu wameunda motokaa za waya na mabati tangu zamani bila kungoja duka. Chukua bomba la plastiki la maji lenye upana wa milimita 32. Zidisha kwa 87, utapata tangi lenye upana wa karibu mita 2.8. Ukilikata bomba hilo urefu wa milimita 143, ujazo wake katika kipimo kikubwa utakuwa karibu galoni 20,000. Ziba ncha zake kwa vifuniko vilivyobinuka kidogo, usizifanye bapa, kwa maana tangi la kweli halina ncha bapa.

Jambo la tatu ni uzito. Mfano mwepesi hutoka relini kwenye kona, hasa ukiwa kati ya injini mbili, moja ikivuta na nyingine ikisukuma. Chama cha waunda reli ndogo cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1935, kinashauri wakia moja, na nusu wakia zaidi kwa kila inchi ya urefu. Gari la milimita 175 basi litakuwa na gramu 126 hivi. Weka vipande vya risasi chini kabisa ya tangi, wala usiviweke juu. Ukimaliza kushika risasi, nawa mikono kabla ya kula.

Jambo la nne ndilo lenye kutenga tenda na behewa la kawaida. Mpira wenye unene wa inchi mbili, katika kipimo chetu, ni waya wa milimita 0.6. Tumia waya laini uliovikwa ngozi nyeusi. Anza na valvu chini ya tangi, fuata njia ya mafuta kwa kidole chako mpaka kwenye ncha ya gari, ndipo uweke bomba. Mahali ambapo huwezi kueleza mafuta yanapita wapi, simama, rudi kwenye picha. Mipira uiache na ulegevu wa kutosha, kisha jaribu gari kwenye kona kali kabla ya kupaka rangi.

Mwisho ni rangi. Tenda za Burlington Northern zilikuwa za kijani kama injini zake. Baada ya rangi na herufi kukauka, paka michirizi myeusi mahali pa kujazia mafuta, na vumbi kidogo karibu na magurudumu. Usizidishe, tenda huchafuka pale inapofanyiwa kazi, si kila mahali.

Atakaye kuunda tenda ya gesi, ajue hiyo ni habari nyingine. Gesi iliyogeuzwa kuwa maji ina baridi ya digrii 162 chini ya sifuri, hivyo tangi lake lina kuta mbili. Burlington Northern ilijaribu tenda za namna hiyo katika miaka ya 1990, na katika miaka ya 2010 reli ya Florida East Coast ikazitia katika kazi ya kila siku, tenda moja kati ya injini mbili. Mfano wa tenda ya dizeli hauwi wa gesi kwa kubadilishwa rangi tu.

Vijana wangu, Burlington Northern iliungana na reli ya Santa Fe katikati ya miaka ya 1990, na zile tenda zake za kijani hazionekani tena zikienda na treni za makaa kama zamani. Aliyeunda mfano wa kweli ameweka ushahidi wa akili za mafundi wale. Aliyeunda kwa kubahatisha ameweka pambo tu, tena pambo litakalomdanganya mtoto atakayelitazama kesho. Basi kila mshikapo kisu na gundi, jiulizeni kwanza: kitu hiki kilifanya kazi gani, na kilimlinda nani?